Folda Iitwayo Hisabati

Kioo kilipasuka kona ya kulia.
Twaha aliileta simu mwenyewe mezani:
"Baba, nitengenezee, moko imekaribia,
notisi zangu zote zimo humu."
Miaka kumi na minne, sauti bado inayumba
kama redio inayosaka stesheni.

Mimi ni fundi. Tandika wananijua,
kibanda cha bluu, nyuma ya wauza viatu vya mtumba.
Kioo nabandua huku napiga soga.
Nikajaribu mguso, kidole kikateleza,
folda ikafunguka: HISABATI.
Hamkuwa na hesabu humo.

Sikutazama. Nilisoma majina tu,
na majina yakanisoma mimi.
T-0417. T-0418. T-0422.
Hiyo T ni Tandika. Namba hizo nilizipanga mimi,
miaka ile bando lilipokuwa ghali
na vijana wakinijia na kadi zao kiganjani
kama wanunuao pipi.
"Fundi, weka nyimbo, weka muvi ya ngumi,
na zile."
Zile, elfu moja. Sikuuliza miaka.
Mmoja alivaa kaptura ya shule;
nikamrudishia chenji.
Sare ya kwanza ya Twaha
ilitokana na zile.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye
hufunzwa na ulimwengu.
Hawakusema kwamba ulimwengu una giga nane
na unauzwa kibandani kwa babaye.
Toka kwangu, ukapita Buza, Yombo, Mtoni,
mikono nisiyoijua,
mpaka ukapiga hodi mlangoni kwangu.

Mkono wangu ulishajua mkanda unapotundikwa.
Jikoni mbuzi ya nazi ikanyamaza.
"Kabla hujampiga," Zaituni akasema, hakugeuka,
"mwambie namba hizo mwandiko wa nani."

Kumbe alijua. Tangu lini, sikuthubutu kuuliza.

Ndipo nikayaona yaliyokuwa mbele ya macho:
mwezi wa tatu huu hasemi na Rukia wa nyumba ya pili,
waliyekuwa wakigombania naye kamusi barazani.
Msichana akiketi, yeye huinuka,
macho chini, kama aliyedondosha sarafu.
Sisi tukacheka: kijana amekua, ana haya.
Haya ingekuwa nafuu.

Na mimi nilifunzwa na nani?
Busu likitokea kwenye televisheni
baba yangu alikohoa,
sote tukatoka nje kuhesabu kuku.
Kikohozi kile ndicho shule yangu yote.

Usiku umeme ukakatika, ukanisaidia.
Gizani nilimwambia habari ya kibanda,
ya kadi, ya elfu moja moja.
Nilianza na langu, ndiyo,
maana la kwake nisingepata pa kulishikia.
Alikaa kimya mpaka nikadhani amelala.
Kisha: "Baba, ndivyo watu wanavyopendana?"

Nimejibu wateja miaka kumi na saba.
Nimemwambia mtu simu yake imekufa
huku anaishika.
Hapo nilikosa neno.

"Mama yako alipolazwa Temeke," nikasema baadaye,
"kabla hujazaliwa,
nilimfulia kanga zake siku kumi na moja.
Hakuwa na nguvu za kusema ahsante.
Wale wa kwenye video wanalipwa, wanaigiza,
wengine hata hawakuulizwa kama wanataka.
Kufua kanga hakuna aliyekurekodi."
Jibu lilikuwa nusu. Nilijua ni nusu.
"Na Rukia?" akauliza.
"Rukia ana kamusi yako. Kaidai."
Akacheka kidogo, puani.

Asubuhi nilibandika kioo kipya.
Folda sikuigusa. Nilimpa simu,
nikasimama kando yake.
Alibonyeza mwenyewe.
Simu ikauliza: Una uhakika?
Tukatazamana.
Kikohozi kikanipanda kooni.
Nikakimeza.